Amani ya Jumapili haifiki Jumanne: tuwasaidieje waumini ambao hawajui kesho yao?

Katibu_wa_Jumuiya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Naomba mawazo ya watu waliozoea kulea waumini. Katika jumuiya yetu karibu nusu ya kaya zilikuwa zinaishi kwa mishahara ya miradi ya afya iliyolipiwa na Marekani. Tangu ile amri ya Januari 2025 ya kusimamisha misaada, wapo waliopewa barua za kusitishiwa mikataba, wapo waliorudishwa kwa mikataba mifupi mifupi, na wapo wanaofanya kazi bila kujua kama mwezi ujao kutakuwa na mshahara.

Ibada inawasaidia, hilo liko wazi. Mtu anatoka kanisani Jumapili uso umekunjuka. Jumanne jioni tukikutana, ameshavurugika: hapati usingizi, hawezi kula, na juu yake anajilaumu kwamba imani yake ni ndogo, maana Wafilipi 4:6 inasema "Msijisumbue kwa neno lo lote" naye anajisumbua kwa kila neno. Wengine wameanza kwenda kwa watumishi wanaowatabiria tarehe ya kurudi kazini, na sadaka ya mbegu, yaani fedha inayotolewa ili kuupata muujiza, inatangulia.

Tafadhali msiniambie "waombee tu". Kuwaombea tunawaombea. Naomba hatua zenyewe: mtu afanye nini asubuhi, afanye nini usiku, jumuiya ifanye nini, na watu hukosea wapi.

---

Mwinjilisti_Mstaafu

Katibu, anza kwa kumtua mtu huyo mzigo ambao Paulo hakumtwika. Aliyeandika "msijisumbue" alikuwa kifungoni, hajui kama atatoka hai (1:20). Katika barua hiyo hiyo, 2:27-28, anakiri kwamba Epafrodito angekufa yeye angepata huzuni juu ya huzuni, na kwamba anamrudisha kwao ili huzuni yake mwenyewe ipungue. Kwa Wakorintho anataja maangalizo ya makanisa yote yanayomjia kila siku. Bwana mwenyewe, Gethsemane, alifadhaika sana na kuhangaika (Marko 14:33). Wasiwasi ukija si ushahidi kwamba imani imekufa. Waambie hivyo waziwazi, mbele ya wote, kabla ya kuwafundisha kitu kingine chochote. Mtu anayejihukumu kwa sababu ana wasiwasi amebeba mizigo miwili.

Kisha someni mstari wa 6 taratibu. Unasema haja zijulikane na Mungu, tena kwa kusali, kuomba na kushukuru. Watu wengi huomba kwa jumla: "Bwana, ingilia kati maisha yangu." Ombi la namna hiyo haliutui moyo, kwa sababu kinachouma hakijatajwa. Anaondoka kwenye maombi na kitu kile kile alichokuja nacho.

Fanyeni hivi. Kila mtu awe na daftari la kawaida, na robo saa asubuhi kabla ya kushika simu. Aandike haja zisizozidi tatu, kila moja na jina lake, kiasi chake na tarehe yake. Mfano: "Kodi ya nyumba, laki tatu, inaisha tarehe 30." Chini yake aandike mistari miwili. Wa kwanza, "Langu leo": kumpigia baba mwenye nyumba kabla ya saa sita mchana na kumwomba nilipe mwezi mmoja mmoja badala ya mitatu kwa pamoja. Wa pili, "La Mungu": moyo wa baba mwenye nyumba, kazi mpya, na siku itakapopatikana. Aombee yote mawili kwa sauti. La kwanza alifanye kabla jua halijazama. La pili alitamke, aliache, asilifungue tena mpaka robo saa ya kesho yake. Likirudi saa nane mchana, na litarudi, ajibu kwa sentensi moja: "Bwana, hili liko kwako tangu asubuhi." Halafu aendelee na kazi iliyo mbele yake.

Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaoandika chini ya "La Mungu" mambo yaliyo yao: kutafuta kazi, kupunguza matumizi, kumwomba radhi waliyemkosea. Hawa hukaa miezi wakisubiri, na utulivu wao huvunjika siku anayewadai anapobisha hodi. Wapo pia wanaoandika chini ya "Langu" uamuzi wa wafadhili, au nani atabakizwa ofisini. Kukosa usingizi kwingi kunatoka huku kwa pili. Mtu anajadiliana usiku kucha na watu ambao hawamsikii.

Shukrani nayo iwe ya vitu vya saa 24 zilizopita, vitatu, vinavyoonekana. "Asante kwa uhai" ni kweli, lakini mtu huisema bila kuisikia. "Maji yametoka alfajiri." "Mama wa dukani amekubali kuniandika kwenye daftari lake." Mtu akiandika hivi kwa wiki mbili mfululizo, macho yake huanza kuyatafuta mchana mambo atakayoandika kesho asubuhi, na hapo ndipo shukrani inapoanza kufanya kazi.

Na msiishie mstari wa 7, ule unaoahidi amani ya Mungu. Mstari wa 8 unaagiza mtu ayatafakari yaliyo ya kweli kwanza. Tetesi za kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyakazi hazimo humo. Taarifa za mradi asome mara moja kwa siku, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuzitoa, asizisome kitandani. Mstari wa 11 Paulo anasema "nimejifunza kuwa radhi". Amejifunza, kwa hiyo kuna muda wa kujifunza, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza asidaiwe matokeo ya mwaka wa kumi.

Halafu kuna mstari wa 16, ambao sijui kwa nini hauhubiriwi pamoja na ule wa 6: kanisa la Filipi lilimtumia Paulo msaada, wala si mara moja. Jumuiya inayompa mtu mstari wa 6 bila kumpa cha mstari wa 16 ndiyo ile ambayo Yakobo 2:16 inaikemea, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba." Tengeni mfuko wa unga na kodi. Kila kaya itoe inachoweza kila mwezi, fedha zishikwe na watu wawili, na majina ya waliosaidiwa yasisomwe popote.

---

Katekista_Kagera

Tumsifu Yesu Kristo.

Naongeza jambo moja linalorukwa sana: kulia mbele za Mungu. Karibu theluthi ya Zaburi ni za maombolezo, lakini kwenye vikundi vyetu mtu akilalamika katika maombi anakatizwa aambiwe akiri ushindi. Malalamiko yaliyozuiwa mdomoni hayaishi. Yanahamia usiku.

Chukueni Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Wa tatu na wa nne ni ombi. Wa tano na wa sita ni tumaini na wimbo. Mpe mtu karatasi aandike "Hata lini" zake nne kwa maneno yake, bila kuzipamba: "Hata lini nitawaambia watoto ada inakuja?" Kisha ombi moja au mawili. Kisha anakili mstari wa tano kama ulivyo, "Nami nimezitumainia fadhili zako", hata kama moyo wake haujafika hapo bado. Kosa ni kuruka mbili za kwanza ili kufika haraka kwenye wimbo. Yupo atakayeshindwa kabisa kufika kwenye wimbo. Huyo mpeni Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila neno la shukrani hata moja. Imo kwenye Biblia pamoja na nyingine zote, naye anaruhusiwa kuisali hivyo ilivyo.

Mchana, wasiwasi unapomkamata mtu kwenye daladala au ofisini, sala ndefu haiwezekani. Wakristo wa Mashariki wana sala fupi ya zamani sana: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Nusu ya kwanza unavuta pumzi, nusu ya pili unaitoa. Kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, kama dakika tano. Anayependa Zaburi atumie "Bwana ndiye mchungaji wangu" akivuta, "sitapungukiwa na kitu" akitoa. Asiharakishe, na asiihesabu kama idadi ya kutimiza.

Usiku: Mtakatifu Benedikto, karne ya 6, aliwapangia wamonaki wake Zaburi ya 4, ya 91 na ya 134 kabla ya kulala, kila usiku zile zile. Zimedumu kwa sababu mtu aliyechoka hawezi kuchagua. Kwa familia, ya 4 peke yake inatosha, mstari wa 8 unasema, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara." Kabla yake kaeni kimya kidogo, kila mtu aipitie siku yake: wapi alimwona Mungu leo, wapi alimkwepa, aombe msamaha, akabidhi kesho. Dakika kumi zinatosha. Ndugu zetu Walutheri wanayo katika Katekisimo Ndogo ya 1529 sala ya jioni ambayo mwisho wake inamwagiza mtu akalale mara moja kwa furaha. Kulala kumeagizwa pale kama sehemu ya sala yenyewe.

---

Nesi_Afya_ya_Akili

Nashukuru Katekista amegusa usingizi, maana hapo nina neno kwa viongozi wote.

Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mwenye wasiwasi mkali akiingizwa kwenye mikesha mitatu kwa wiki, siku ya nne moyo unamwenda mbio, anatetemeka, anakasirikia watoto, na anaambiwa ni vita ya kiroho, aongeze mkesha. Someni 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Maneno yalikuja baadaye, Horebu. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, mkesha usubiri.

Kufunga pia. Mwenye kisukari, mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo na anayekunywa dawa za kila siku wasifunge chakula bila kumwuliza daktari. Wafunge simu au runinga.

Sasa, mjue tofauti ya fadhaa ya maisha na ugonjwa. Huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku kwa wiki mbili, pamoja na usingizi kuharibika, kula kuharibika, uchovu, kujiona hafai: huyo apelekwe hospitali ya wilaya, na maombi yaendelee. Kuna pia mshtuko wa ghafla, moyo mbio, kifua kubana, mikono kufa ganzi, mtu anahisi anakufa. Hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha hushuka. Mara nyingi huitwa mapepo. Mshtuko huo ukiwa ni wa kwanza, apimwe moyo kwanza, msikisie.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Mgonjwa huacha wiki ya pili kwa kuona hazisaidii, au huacha ghafla baada ya kuombewa, kisha anapata kizunguzungu na usingizi unapotea upya. Asiache bila aliyemwandikia. Yakobo 5:14 inawaita wazee waje na mafuta, haimfukuzi tabibu.

Mkimshuku mtu anawaza kujiua, mwulizeni moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni sumu ya panya na dawa za shamba ndani ya nyumba, mpelekeni siku hiyo hiyo. Tanzania, hospitali ya taifa ya afya ya akili ni Mirembe, Dodoma; Kenya ni Mathari, Nairobi; lakini msisubiri safari, anzeni na hospitali iliyo karibu.

---

Mwalimu_wa_Agano_la_Kale

Kuhusu hao wanaotabiri tarehe, Katibu, fundisheni Yeremia 28 na 29 kwa pamoja, jioni moja. Sioni sehemu ya Biblia inayofanana zaidi na hali yenu.

Mwaka 597 KK Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia na watu wengi kwenda Babeli. Miaka michache baadaye, hekaluni, nabii Hanania akatangaza: ndani ya miaka miwili mizima vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Tarehe nzuri, karibu, yenye kufurahisha. Yeremia akajibu "Amina! Bwana na atende hivi" (28:6). Naye alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, na mwaka ule ule Hanania akafa.

Barua ya sura ya 29 inawaambia mateka muda wenyewe ni miaka 70. Yaani wengi wa waliosomewa barua ile wangefia Babeli. Maagizo yake ni ya kazi: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, na uombeeni mji ule, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani" (29:7). Mstari wa 11 tunaoubandika ukutani, wa mawazo ya amani, unakuja baada ya mstari wa 10 wenye ile miaka 70. Amani waliyopewa ilikuwa ya watu wasiojua siku yao ya kurudi, na ilikuja pamoja na mbegu za bustani.

Madhara ya tarehe za uongo yanafuata njia ile ile kila mara. Mtu anakataa kazi ndogo kwa kuwa ile kubwa inarudi mwezi wa sita. Hapunguzi matumizi, anakopa kwa kutegemea unabii. Mwezi wa sita unapita. Anaambiwa imani yake ndiyo iliyokwamisha, atoe mbegu ya pili. Anapoteza fedha, na mara nyingi anampoteza na Mungu, kwa sababu alifundishwa kwamba ile tarehe ilikuwa neno la Mungu.

Sisemi unabii umekufa. 1 Wathesalonike 5:20-21 inaagiza msitweze unabii, na papo hapo inaagiza mjaribu mambo yote. Kipimo chepesi: neno linalotanguliwa na malipo, au linalokuagiza umfiche mwenzi wako, au linalokuzuia kufanya kazi iliyopo, liacheni.

Na "bustani" yenu iandikeni. Kila kaya ipange mwaka mzima kana kwamba mradi haurudi. Mtaalamu wa maabara aangalie zahanati binafsi na za makanisa, mhasibu atafute vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA) vinavyohitaji mtu wa vitabu. Mradi ukirudi, hakuna kilichoharibika.

---

Dada_wa_Uamsho (Kenya)

Bwana asifiwe. Nawapa kitu ambacho Ushirika wa Uamsho umekishika tangu ulipoanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanzania: kutembea nuruni, yaani kuishi bila kuficha mambo, kama 1 Yohana 1:7.

Kuna fadhaa isiyosikia daftari wala Zaburi kwa sababu chini yake kuna siri. Mume amefutwa kazi, lakini kila asubuhi anavaa na kutoka kama anaenda ofisini. Mama ameweka hati ya shamba rehani bila mzee kujua. Zaburi 32:3 yasema, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Hapo dawa ni kusema. Aseme kwa Mungu kwanza, halafu kwa yule aliyefichwa, ndani ya wiki, akiwa na ndugu mmoja mkomavu kando yake kama anaogopa. Aseme kiasi kamili cha deni. Akitaja nusu, ile nusu nyingine itamnyima usingizi vilevile.

Tahadhari: siri ya deni au ya ndoa haitangazwi kwenye mkutano mzima. Watu wawili watatu wanaojua kufunga mdomo wanatosha. Na kama nyumbani kuna kipigo, mama asiambiwe akaungame peke yake kwa anayempiga. Atafutiwe usalama kwanza.

---

Katibu_wa_Jumuiya

Asanteni sana, Mungu awabariki. Maswali mawili. Wapo watakaosema ile sala ya kurudiarudia ni kupayuka-payuka kwa Mathayo 6:7. Na je, haya yote yanaingiaje kwenye kipindi chetu cha saa moja bila kuwachosha watu?

---

Katekista_Kagera

La kwanza: Mathayo 26:44, Yesu aliomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale". Zaburi ya 136 inarudia kiitikio kimoja mistari yote 26. Mathayo 6:7 inawasema wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno yao. Anayerudia ili atulie mbele za Baba hayumo humo. Lakini asiyetaka, asilazimishwe.

---

Mwinjilisti_Mstaafu

La pili: msifundishe yote kwa pamoja. Wiki mbili za kwanza daftari tu, kisha Zaburi ya 13, kisha Yeremia. Yale ya nesi wafundishwe viongozi mapema, kabla ya wiki ya kwanza.

Saa moja igaweni hivi. Dakika kumi za Zaburi, msomaji mmoja, bila mahubiri. Dakika ishirini watu wawiliwawili, mume na mume, mama na mama, kila mmoja ataje haja moja na "langu" lake la wiki, mwenzake amwombee haja hiyo tu. Mwenzake asishauri. Wengi watashindwa hapa, tunapenda sana kushauri, kwa hiyo likumbusheni kila wiki. Dakika kumi na tano shukrani, sentensi moja kila mtu. Zinazobaki ni za mfuko: nani atembelewe, na nani ataenda.

Wiki inayofuata wale wawili wakae pamoja tena, na swali la kwanza liwe "Ulimpigia baba mwenye nyumba?" Kama hakupiga, apige pale pale kabla ya Zaburi, mwenzake akiwa kando yake. Daftari libaki la mwenyewe. Katibu asilikusanye wala kulikagua. Na asiyefika mara mbili mfululizo msimtumie ujumbe kwenye grupu. Waende wawili nyumbani kwake, mmoja wao awe anamjua tangu zamani, na wasiende na Biblia pekee, wachukue na unga.